Koki ya mafuta nyuma ya bega

Leo naweka tarakilishi kando kidogo, ingawa mnanijua, nitarudi huko huko tu. Nataka kuzungumzia paipu za mafuta katika ndege ndogo ambazo watu hujiundia nyumbani. Marekani ziko kwa maelfu. Mtu ananunua ramani, anajifungia gerejini miaka kadhaa na povu na nyuzi za kioo, kisha siku moja anapaa. Sheria ya huko inataka sehemu kubwa ya kazi iwe imefanywa na watu wanaounda kwa kujifunza au kujiburudisha, na haimlazimishi mtu kufuata ramani neno kwa neno. Mimi nauunga mkono uhuru huo. Ni uhuru ule ule wa programu huria: chukua, fungua, badilisha.

Ninachogombana nacho ni jinsi mabadiliko ya paipu yanavyofikiriwa. Waundaji wanaweza kubishana juma zima kuhusu pembe ya mdomo wa paipu, digrii 37 za ndege au 45 za gari, na wana haki, maana ukichanganya hizo mbili paipu itavuja. Watajadili mteremko, mapovu ya mvuke, chujio, mahali paipu inaposuguana na chuma. Yote ni kweli na yote huua. Lakini mwisho wa paipu zote hizo kuna mpini mmoja ambao binadamu lazima aushike akiwa angani, na huo hupewa nafasi iliyobaki.

Ndege ninayoifikiria ni Long-EZ, mchoro wa Burt Rutan. Injini iko nyuma, bawa dogo liko mbele, na rubani ameketi karibu kama amelala. Ina matangi mawili, moja kila upande, na injini hunywa kutoka tangi moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kuna koki: kushoto, kulia, au kufunga. Katika ramani ya Rutan koki hiyo iko katikati ya miguu ya rubani. Sasa hesabu paipu. Matangi yako ubavuni na injini iko mgongoni, lakini mafuta ya pande zote mbili lazima yasafiri mpaka kwenye mapaja ya rubani, kisha yarudi nyuma kwa paipu ya tatu. Kila kiungio hapo ni mahali pa kuvuja, na mtu amekaa juu yake.

Fundi mmoja wa Marekani aliyeunda Long-EZ yake aliona jambo hilo likimkera. Hakutaka mafuta ndani ya chumba cha rubani. Akaihamisha koki, akaifunga kwenye ukuta ulio nyuma ya bega la kushoto la rubani. Hebu niseme wazi: kama mhandisi, hoja yake naielewa kabisa. Paipu fupi, viungio vichache, hatari ya moto mbali na mwili. Ungenionyesha mchoro ule kwenye karatasi bila kiti na bila mtu, ningeupitisha.

Ndege ile baadaye ilinunuliwa na John Denver, yule mwimbaji ambaye wapenzi wa kantri hapa Kenya hawahitaji kuelezwa ni nani. Tarehe 12 Oktoba 1997 aliirusha kutoka Monterey, California. Alikuwa rubani mzoefu wa saa zaidi ya 2,700, lakini mgeni kwa ndege ya aina hii. Kabla ya kupaa, yeye na fundi wa uwanjani walizungumzia ile koki, kwamba ni ngumu kugeuka na haifikiki vizuri. Wakajaribu kuurefusha mpini kwa koleo la Vise-Grip. Haikusaidia. Vipimo vya mafuta navyo vilikuwa nyuma ya kiti chake, vikionekana tu na abiria wa nyuma, kwa hiyo fundi akampa kioo kidogo cha kuchungulia. Tangi la kulia lilikuwa chini ya nusu, la kushoto chini ya robo. Denver alisema hahitaji kuongezewa mafuta, ataruka kama saa moja tu, na akifika wakati wa kugeuza koki ataiachia mitambo ishikilie ndege.

Ndege ilianguka baharini jioni ile, naye akafa. Alikuwa na miaka 53.

Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, iligundua kwamba ili kuifikia koki rubani alilazimika kugeuza kiwiliwili kama digrii 90, na mtu akijigeuza hivyo mguu wake wa kulia hutafuta mahali pa kujikaza. Mbele ya mguu huo kuna kanyagio la usukani wa mkia. Ndege inayumba na kuinua pua, na aliye ndani anaangalia nyuma.

Katika sababu zake bodi ilimtaja rubani: hakujipanga vizuri kuhusu mafuta, na mawazo yake yalihama kutoka kuendesha ndege. Ikataja pia uamuzi wa muundaji kuweka koki mahali pagumu kufikika, mpini usio na alama, na vipimo visivyo na alama. Wengi ninaowasikia wakiisimulia ajali hii hukomea kwa ile ya kwanza. "Angejaza mafuta." Naam, angejaza. Hata hivyo kukosa mafuta katika tangi moja huku la pili likiwa nayo si ajali. Bodaboda wanalipitia kila wiki. Pikipiki inakohoa, mkono wa kushoto unashuka chini ya tangi, koki inageuzwa kwenda rizavu, na safari inaendelea bila dereva kuondoa macho barabarani. Jaribu kuihamishia koki ile chini ya kiti cha abiria uone tutazika wangapi.

Hapa ndipo tarakilishi zinaporudi. Katika kazi yetu anayeandika msimbo ana ramani yote kichwani. Kwake hakuna kitufe kilichofichika. Nadhani yule fundi alijua kwa vidole mpini wake unaelekea wapi, ndiyo maana kukosa alama hakukumsumbua. Kisha kitu kinauzwa, na ile ramani ya kichwani haiuzwi pamoja nacho. Watu wawili walipoanza kuhangaika na koleo na kioo uwanjani, hiyo ilikuwa taarifa kamili ya hitilafu. Haikuwa na mtu wa kuipokea.

Tena suluhisho halikuwa gumu. Kwa maoni yangu koki ingeweza kubaki nyuma, mafuta yakabaki nyuma, na mpini ukaletwa mbele kwa fimbo ya chuma mpaka katikati ya magoti. Gharama yake ni fimbo, viungo viwili, uzito kidogo.

Mwaka 2012 NTSB ilitoa uchunguzi mkubwa kuhusu ndege za kujiundia, ikapendekeza kwamba anayeomba cheti atoe ripoti ya majaribio ya mfumo wa mafuta. Jaribio la kawaida ni kuona kama paipu zinapitisha zaidi ya injini inachohitaji ikiwa imekazwa kabisa. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 125 kwa mfumo wa pampu, na 150 kwa mafuta yanayoshuka yenyewe. Ni sawa. Mimi ningeongeza mstari mmoja kwenye fomu: mtu ambaye hakuiunda ndege hiyo aketi, afungwe mikanda, afumbe macho, abadilishe tangi kwa mkono mmoja, na mwingine asimame nje akiangalia kama mkia umetikisika.