Ukizidisha akiba ya uzeeni Marekani, usiiache ilale

Kwa familia za Afrika Mashariki zinazoishi Marekani, Aprili 15 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya kodi. Karatasi za mwaka mzima hutolewa kabatini, na hapo baadhi ya wazazi hugundua kuwa akiba waliyoiweka kwa nia njema imepita kiwango cha sheria.

Akaunti inayozungumziwa hapa ni IRA, akiba ya uzeeni ambayo mtu hujifungulia mwenyewe. Kwa mwaka 2025, kiwango cha juu ni dola 7,000, au dola 8,000 kwa aliyefikisha miaka 50. Hicho ni kiwango cha mtu mmoja kwa akaunti zake zote za IRA, iwe ya kawaida au ya Roth. Pia hairuhusiwi kuweka zaidi ya kipato cha kazi.

Chukua mfano wa mama wa miaka 38 anayefanya kazi mbili. Aliweka dola 5,000 katika akaunti ya benki, kisha dola 4,000 katika akaunti nyingine inayokata fedha kila mwezi. Jumla ni dola 9,000, yaani amezidisha 2,000. Kwa kosa hilo, Mamlaka ya Kodi ya Marekani (IRS) hutoza asilimia 6, ambazo ni dola 120. Fedha hizo zikiendelea kulala humo, tozo hiyo hurudi kila mwaka.

Wengine huteleza kwenye Roth. Wanandoa wanaowasilisha ritani ya pamoja ambao kipato chao cha 2025 kilifika dola 246,000 hawakuruhusiwa kuweka chochote humo. Saa za ziada kazini zinaweza kuwavusha mstari huo bila wao kujua.

Habari njema ni kwamba kosa hili linarekebishika. Mama huyo awasiliane na taasisi inayotunza akaunti na aseme wazi kuwa anaondoa mchango uliozidi. Akitoa fedha kwa njia ya kawaida, hazitahesabiwa kuwa marekebisho. Taasisi itakokotoa pia faida iliyozaliwa na zile dola 2,000. Ikiwa faida ni dola 150, atatoa dola 2,150. Dola 2,000 hazitatozwa kodi, mradi hakuziombea punguzo la kodi. Zile 150 zitahesabiwa kuwa kipato chake cha 2025.

Aliyewasilisha ritani yake kwa wakati ana nafasi hadi Oktoba 15, 2026. Akimaliza kabla ya siku hiyo, asilimia 6 haimhusu, ila atarekebisha ritani yake ili aongeze ile faida. Akichelewa, atalipa tozo ya mwaka huo kwa Fomu 5329, kisha aondoe kilichozidi au apunguze mchango wa mwaka unaofuata ili nafasi itakayobaki imeze ziada hiyo.

Kosa kubwa zaidi ni kuingiwa na hofu na kufunga akaunti nzima. Aliye chini ya miaka 59 na nusu anaweza kukatwa kodi pamoja na adhabu ya asilimia 10, na akiba ya miaka mingi ikapungua kwa sababu ya dola 2,000 tu.

Baba na mama wakae pamoja na kuorodhesha kila akaunti ya kila mmoja. Hata wanaowasilisha ritani ya pamoja, nafasi iliyobaki kwa mume haifuniki ziada ya mke. Kwa 2026 kiwango kimepanda hadi dola 7,500, na 8,600 kwa wenye miaka 50 na zaidi. Aliye chini ya umri huo ahakikishe makato ya akaunti zake zote hayapiti dola 625 kwa mwezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa fedha zilizokusudiwa kuwatunza wazazi uzeeni ili wasiwe mzigo kwa watoto.