Gari Jipya la Bomet Husema Kijapani

Katika masoko ya Bomet, Silibwet na Mulot, neno "jipya" linapofuata neno "gari" huwa limeiacha maana ya kamusi nyuma. Gari jipya huko si gari lililotoka kiwandani. Ni gari lililoteremshwa melini Mombasa majuzi, likapandishwa bara, na ambalo halijapata kumilikiwa na Mkenya mwingine. Huenda limekwisha kuzunguka miaka saba katika mitaa ya Osaka au Nagoya. Sheria yenyewe inaliafiki jambo hili: kiwango KS 1515:2000 cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) huliruhusu gari lililotumika kuingia nchini mradi lisiwe limepitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, bila ya kuongeza kuwa ni kipya kwa nani.

Mkulima aliyepokea bonasi ya majani chai, akaongeza mkopo wa chama cha akiba, hulinunua gari hilo kwa shangwe. Asubuhi anapoliwasha, sauti nyororo ya mwanamke humweleza jambo kwa Kijapani. Familia huchukulia kuwa wanasalimiwa, na hawakosi watoto wa kuijibu "chamgei". Hasha, si salamu. Mara nyingi sauti hiyo humkumbusha dereva kwamba kadi ya kulipia barabara kuu za Japani haijachomekwa mahali pake. Hapa pana mzaha usio na madhara. Lakini gari hilo lina mambo mengine linalolisema kwa lugha iyo hiyo, na si yote yanayochekesha.

Jambo la kwanza ambalo mwenye gari hulitengeneza ni redio. Masafa ya redio ya Japani huanzia chini kuliko ya Kenya na hukoma mapema, hivyo sehemu kubwa ya stesheni za hapa hazishikiki. Fundi hulipwa, kifaa cha kupanua masafa kikafungwa, na gari likaanza kusikiza Kass FM, Chamgei FM na taarifa ya habari ya Kiswahili. Kwa hakika hiyo ni tafsiri ya namna yake: gari limefundishwa kusikia lugha za mahali lilipo. La ajabu ni kwamba kazi hiyo hukomea redioni. Kibandiko cha onyo kilichogandishwa kwenye kikinga jua mbele ya uso wa dereva huachwa kama kilivyo. Kile cha mlangoni kinachotaja kiasi cha upepo wa tairi huachwa vilevile. Kitabu cha maelezo, ikiwa hakikupotea njiani, hubaki kikunjwani mwa dashibodi kama msahafu wa dini isiyojulikana.

Kibandiko hicho cha kikinga jua aghalabu huhusu mfuko wa hewa, yaani ule mfuko unaofumuka kutoka kwenye usukani gari linapogonga ili kukinga kichwa na kifua. Hapa ndipo penye uzito wa suala lenyewe. Kampuni ya Takata ya Japani iliwauzia watengenezaji wengi wa magari, wakiwemo Toyota, Honda, Nissan na Mazda, vifaa vya kuijaza mifuko hiyo. Vifaa hivyo vilitumia amoniamu naitreti, kemikali iliyo pia ndani ya mbolea ya CAN inayojulikana na kila mkulima wa mahindi. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu huharibika, na siku ya ajali hulipuka kupita kiasi. Kopo la chuma hupasuka na vipande vyake humrukia yule yule aliyepaswa kukingwa. Watu zaidi ya 30 duniani wamekufa kwa njia hiyo, wengi wao nchini Marekani na baadhi huko Malaysia. Honda ilianza kuyaita magari yake yarudi mwaka 2008. Makumi ya mamilioni mengine yakafuata, na mwezi Juni 2017 Takata ikatangaza kufilisika. Magari mengi yaliyoingia Kenya katika miaka ya 2010 ni ya kizazi icho hicho.

Gari huitwaje lirudi? Mtengenezaji humwandikia aliyesajiliwa kuwa mwenye gari. Toyota ilipokumbwa na lawama za kanyagio la mafuta lililokwama, mkuu wake Akio Toyoda aliomba radhi mbele ya Bunge la Marekani tarehe 24 Februari 2010, na mamilioni ya wenye magari wakapata barua. Lakini gari linapoondoka Japani, usajili wake hufutwa. Tangu hapo barua haina pa kwenda. Mwenye gari wa pale Longisa hajulikani na aliyeliunda, naye hajui kuwa kuna barua. Anayefahamu anaweza kuiingiza namba ya chasisi katika tovuti ya mtengenezaji na kupata jibu papo hapo. Jibu lenyewe huja kwa Kijapani.

Isidhaniwe kuwa Bomet iko katika hatari kubwa kuliko kwingine. Mji huo uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ni afueni kwa kemikali ile kuliko fukuto la Mombasa. Ila magari hayatulii mahali pamoja. Probox inayobeba maziwa na abiria kati ya Sotik na Kaplong leo huenda miaka mitano iliyopita ilikuwa teksi Kilifi.

Injini nazo zina masimulizi yake. Toyota zenye injini ya D4 zilipoanza kuingia nchini, zilijipatia sifa mbaya katika gereji nyingi. Injini hiyo hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hivyo haivumilii petroli chafu. Nayo petroli chafu haikuwa adimu: mwaka 2018 serikali ilitoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakomesha waliokuwa wakiyachanganya na petroli na dizeli (gharama wakaibeba maskini wa kibatari, lakini hayo ni ya makala nyingine). Mwenye gari alilalamika kwamba Wajapani wamemuuzia takataka. Fundi akalaumu injini. Maelezo ya aina ya mafuta yaliyofaa yalikuwemo kitabuni.

Na fundi huyo asidharauliwe. Gereji za Bomet zina msamiati kamili: injini hunoki, humisi, huchemsha, hula oili, breki huingia hewa, bushi huisha. Ni istilahi zilizopimwa kwa kazi. Wanafunzi wa isimu hukesha wakijadili iwapo neno fulani liundwe kwa kutohoa au kwa kufasiri, ilhali jibu linalala chini ya gari mita mia kutoka lango la chuo, limepakwa grisi. Upungufu wa fundi ni mmoja tu: taa ya mfuko wa hewa ikiwaka dashibodini, hana pa kusoma ilivyo. Wapo wanaoizima tu taa yenyewe. Mteja huondoka akiwa ameridhika.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, humpa mtumiaji haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidika kikamilifu na bidhaa, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Kifungu cha 7 hukitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kueleza kwa nini gari linalokaguliwa breki na taa kabla ya kupakiwa meli liruhusiwe kuingia na maonyo ambayo mnunuzi hawezi kuyasoma.

Kuna watakaosema kwamba anayeweza kununua gari anajua Kiingereza. Hoja hiyo haina mashiko, kwani maonyo hayo hayapo hata kwa Kiingereza. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba wazee wengi wa Bomet huwaza na kuuliza kwa Kikipsigis. Ni kweli, na redio za Kikalenjin zinafaa kupewa sehemu yao. Hata hivyo gari hili hili litauzwa Kisii kesho na Voi mwaka ujao, na karatasi inayoandamana nalo haina budi kuwa katika lugha itakayosomeka kote huko. Ikumbukwe pia kwamba kanuni za Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, maneno "kidhibiti mwendo" yalienea nchini kote katika muda mfupi. Makondakta hawakuhudhuria kongamano lolote la istilahi. Sheria ilidai kitu, redio ikakitaja, watu wakalizoea jina.

Kinachohitajika ni karatasi moja kwa kila aina ya gari: mafuta na oili inayofaa, upepo wa tairi, maana ya kila taa ya dashibodi, na namna ya kuiangalia namba ya chasisi. KEBS inaweza kuidai kwa waagizaji magari. Tafsiri, hata hivyo, isingojewe kutoka Nairobi. Chuo cha Bomet kilichoanzishwa mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Moi, na Chuo Kikuu cha Kabianga kule Kericho, viko katikati ya magari haya. Tasnifu za tafsiri huandikwa kila mwaka, nyingi zikilinganisha tafsiri za tamthilia zilezile. Kijapani nacho hufundishwa katika baadhi ya vyuo vikuu vya Kenya. Mwanafunzi mmoja wa Kijapani, mmoja wa Kiswahili na fundi mmoja wa kuwasahihisha wangeweza kuanza na kikinga jua cha Probox iliyoegeshwa stendi ya Bomet, mwenyewe akiwapa ruhusa, kabla mvua ya alasiri haijaanza.