Busha likishapasuliwa, kazi ndiyo inaanza

Wiki hii tuzungumzie jambo ambalo wengi hulifanyia mzaha vibarazani, na anayeumwa hulificha ndani ya kanzu. Ni busha, na zaidi, yale yanayofuata baada ya mtu kupasuliwa.

Huku kwetu Dutumi, na bonde la Ruvu hadi Mlandizi, bado wapo wanaoamini kuwa busha huletwa na madafu. Dafu halina kosa. Katika ukanda wetu wa pwani busha mara nyingi hutokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Minyoo hiyo huharibu mishipa inayorudisha maji ya mwili, na maji hujikusanya katika mfuko unaozunguka korodani. Ndiyo maana kumwita mtu wa mtaani ayafyonze kwa sindano si tiba. Mfuko unabaki, maji yanarudi, na sindano chafu huacha usaha.

Serikali ilianza kugawa dawa za matende kwa jamii nzima mwaka 2000, ikianzia Mafia, kisiwa cha mkoa wetu huu wa Pwani. Dawa hizo, ivermektini na albendazoli, hupunguza maambukizi, lakini haziondoi busha lililokwishakua. Hilo dawa yake ni upasuaji.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Mzee mmoja alipasuliwa salama, akaambiwa arudi baada ya wiki. Siku ya nne alipakia mkaa kwenye baiskeli. Usiku ule mfuko ukavimba, na alipofika kwangu damu ilikuwa imejaa ndani. Alilalamika kuwa daktari amemharibu. Nilipomuuliza aliambiwa nini siku ya kutoka, akajibu: "Nilipewa panadol na tarehe." Hapo nilijua kosa halikuwa lake peke yake. Sisi watabibu nasi tuna sehemu yetu.

Wenzetu wa mijini wanaolipa fedha nyingi kufyonzwa mafuta ya tumbo hupewa mkanda wa kubana, na huelezwa kuhusu maji na kovu kabla hawajapanda kitandani. Mwili ni ule ule. Popote nyama au mfuko ulipoondolewa, pengo hubaki, na mwili hulijaza kwa maji na damu. Kwa nini mkulima wa Dutumi asielezwe vivyo hivyo?

Basi, ndugu yangu uliyepasuliwa, shika haya. Kwanza, vaa chupi ya kubana mchana na usiku kwa wiki mbili au zaidi, ili mfuko usining'inie. Ukilala, weka taulo lililokunjwa chini yake. Pili, usipande baiskeli wala bodaboda, usilime wala kubeba mzigo kwa wiki nne hadi sita, na tendo la ndoa lisubiri hadi daktari akuruhusu. Tatu, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda, kiwe kikavu, na usioge mtoni wala bwawani. Majani, mafuta na majivu visikaribie.

Uvimbe kidogo ni wa kawaida, na huchukua wiki kadhaa kuisha. Chini ya kovu utahisi ugumu kama kamba. Hiyo ni nyama ya kovu, nayo hulainika yenyewe kwa miezi. Usiikande wala kuichua kwa maji ya moto. Lakini ukiona homa, usaha, damu isiyokatika, maumivu yanayozidi, mkojo kuziba, au mfuko kuvimba ghafla, usingoje tarehe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukishapona, mfuko ukianza tena kujaa polepole baada ya miezi, rudi pia, kwani huenda maji yanajikusanya upya.

Wengine huharibu kidonda kwa kuogopa ibada isiharibike. Sheria yetu imeweka wepesi kwa mgonjwa: kupangusa juu ya bandeji, kutayamamu pale maji yanapodhuru, kuswali kwa kukaa. Muulize sheikh wako akupe utaratibu kabla hujaenda kupasuliwa, usije ukalowesha mshono kwa kukosa elimu.

Mwisho nasema na wanaobaki nyumbani. Mzee yule hakupakia mkaa kwa ukaidi. Alipakia kwa sababu nyumbani hapakuwa na unga. Kumwambia mtu apumzike wiki sita bila kumuuliza watoto watakula nini ni kumpa maneno matupu. Misikiti yetu hujua kuchangia maziko upesi. Tuchangie na uhai. Vijana wampalilie shamba, jirani apeleke kibaba cha unga, imamu amtembelee bila kumfanyia mzaha. Mwenye busha ambaye kwa miaka amekuwa akiona haya kuja Ijumaa atapata nguvu ya kwenda kupasuliwa akijua nyuma yake pana watu.

Nasi watabibu, tusimtoe mgonjwa wodini kabla hajaturudishia kwa mdomo wake yale tuliyomwambia. Dakika kumi za maelezo zingemwokoa mzee yule na kisu cha pili.

Wabillahi tawfiq.