Mtihani wa kuingia chuo uko kwenye kalenda

Tanzania haina mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa kijana anayetoka moja kwa moja kidato cha sita, wala haimwiti kwenye usaili. Kwingine sivyo. Uganda, kwa miaka mingi anayetaka kusoma sheria Makerere amekuwa akipimwa kwanza kwa mtihani wa kitivo chenyewe. Uingereza, anayeomba Oxford au Cambridge hutuma maombi katikati ya Oktoba, akafanya mitihani na usaili, na masomo yenyewe hayaanzi mpaka Oktoba ya mwaka unaofuata. Kwetu masharti ni mepesi kuyasoma: masomo mawili ya tahasusi yawe na jumla ya pointi zisizopungua 4, na kozi yenye ushindani, kama udaktari, ichukue wenye pointi nyingi. Kwa maandishi huo ni utaratibu wa haki kuliko usaili, ambako mtoto aliyezoea kuzungumza Kiingereza na wakubwa huwa ameshamtangulia mwenzake kabla swali la kwanza halijaulizwa. Ninachobisha ni dhana kwamba pointi zikishapatikana, mchujo umekwisha. Kuna mchujo wa pili, nao unafanywa na kalenda.

Tazama mwaka 2024. Mtihani ulifanyika Mei, matokeo yakatoka katikati ya Julai, na dirisha la kwanza la udahili likafunguliwa 15 Julai na kufungwa 10 Agosti. Dirisha la Bodi ya Mikopo, HESLB, lilikuwa wazi tangu Juni, likapangwa kufungwa mwisho wa Agosti kabla ya kusogezwa mbele kidogo. Miezi hiyo hiyo wahitimu walioitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliositishwa 1994 na kurejeshwa 2013, walikuwa makambini. Kwa hiyo kijana achague kozi, aombe vyuo, aombe mkopo, ahakiki vyeti na apige kwata, vyote kwa mkupuo mmoja. Mkenya wa umri wake ana nafasi ya kupumua: mtihani wake wa kumaliza sekondari, KCSE, hufanyika Novemba, matokeo huwa yametoka kufikia Januari, na vyuo hufunguliwa Agosti au Septemba. Hata sisi zamani mtihani wa kidato cha sita ulikuwa Februari. Uliposogezwa Mei, miezi ya katikati ikaliwa, na taratibu za udahili na mikopo zikabanwa ndani ya kipande kilichobaki.

Kubanwa huko hakumuumizi kila mtu sawasawa. Mchukue mhitimu wa Talatala, wilayani Kyela. Fomu ya mkopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Inataka sahihi na muhuri wa serikali ya kijiji, mdhamini, kiapo mbele ya hakimu au wakili, na ada ya shilingi 30,000. Mtendaji wa kijiji yupo karibu, lakini wakili hakai kijijini. Anafuatwa Kyela mjini, akikosekana Tukuyu au Mbeya. Kila kituo ni nauli, na Juni na Julai ni miezi ambayo fedha ya nyumba inatoka kwenye mpunga uliovunwa juzi, unaouzwa wakati kila jirani anauza na mnunuzi ndiye anayetaja bei. Bado hatujafika kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kinasomeka Ambakisye, cha kidato cha nne Ambakise. Mnyakyusa yeyote anajua hilo ni jina moja, lakini mfumo haujui, na herufi moja iliyodondoka inamrudisha mwombaji kwa wakili kula kiapo cha majina wakati siku za dirisha zinahesabika.

Halafu kuna steshenari, ambayo ndiyo ofisi halisi ya udahili kwa watoto wa vijijini. Kijana wa kwenye kompyuta ndiye anayefungua akaunti; barua pepe anaitengeneza yeye, nywila anaiandika kwenye daftari lake, na namba ya simu inayojazwa ni ya mjomba au dada mwenye laini. Vyuo viwili au zaidi vikimchagua mwombaji kwa pamoja, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inamtaka athibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe wa simu au barua pepe. Asipothibitisha kwa wakati, nafasi inaweza kumponyoka. Sasa ujumbe huo unaingia kwenye simu ya mjomba aliyeko shambani, na mwenye nafasi yuko kambini. Katika mlolongo huu hakuna hatua hata moja inayopima kama anaijua fizikia.

Atakayeona natia chumvi akumbuke kwamba tumewahi kuchujwa na kalenda, kwa nia njema kabisa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliondoa njia ya kutoka sekondari moja kwa moja hadi chuo kikuu. Mhitimu alitakiwa kwanza afanye kazi, apate pendekezo la mwajiri na la chama, ndipo aombe. Lengo lilikuwa kuzuia chuo kisizalishe tabaka la wasomi wasiolijua jasho, na kuwafungulia mlango watu wazima waliokuwa kazini. Lengo hilo siwezi kulibeza. Ila matokeo yake ni kwamba wanafunzi wa kike walipungua chuoni, kwa sababu miaka ya kusubiri kwa msichana ilikuwa pia miaka ya kuposwa na kuzaa, na miaka michache baadaye serikali ikalazimika kuwaondoa wanawake kwenye sharti hilo. Hakuna aliyekaa Musoma akasema tupunguze wasichana. Walipunguzwa na muda uliowekwa kati ya shule na chuo. Leo muda huo umefanywa mfupi mno badala ya mrefu mno, na kama wakati ule hakuna mwenye nia mbaya, ila wanaoachwa nyuma wanajulikana kwa umbali wao na mji.

Hoja ya kwanza nitakayojibiwa ni kwamba sasa kila kitu kiko mtandaoni, umbali umekufa. Nakubali kwamba hakuna anayepanda tena basi kwenda Dar es Salaam kupeleka bahasha, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mtandao umefuta safari ya mwisho tu. Muhuri, kiapo, picha ya cheti iliyoskaniwa vizuri, hivyo bado vinatafutwa kwa miguu na bodaboda. Zaidi ya hapo, kuanzia 2010 TCU iliendesha mfumo mmoja wa pamoja, mwombaji akipanga machaguo yake mahali pamoja. Tangu 2017 anaomba kwa kila chuo peke yake, kila chuo na tovuti yake, nywila yake na ada yake. Mfumo wa zamani ulikuwa na kasoro, wako waliopelekwa kwenye vyuo ambavyo mioyo yao haikuvitaka, na uhuru wa kuchagua ni haki. Lakini uhuru huo unamgharimu zaidi anayelipia steshenari kwa kila ukurasa.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi: madirisha ya udahili hufunguliwa hadi matatu, la mkopo huongezewa siku, na maofisa wa Bodi wamewahi kuwafuata vijana hadi kwenye makambi ya JKT. Hayo yote ni kweli na wahusika wanastahili shukrani. Ila dirisha la pili huuza kilichobaki. Aliyekosa la kwanza kwa sababu ya cheti hakuti kozi ya udaktari inamsubiri, hata awe na pointi za kuipata. Siku za nyongeza nazo hutangazwa mwishoni, zikimfikia kwanza anayefuatilia mitandao kila siku. Aliyekwisha kukata tamaa na kurudi Matema, huko huko Kyela, kwa shangazi yake hasikii chochote.

Dawa ninayoiona ni kutenganisha kinachohitaji matokeo na kisichoyahitaji. Cheti cha kuzaliwa hakisubiri matokeo. Hata mhitimu akipata divisheni yoyote, baba yake ni yule yule, kijiji ni kile kile. Kidato cha sita huanza Julai na kumalizika Mei, na katikati yake kuna likizo ya Desemba, ambayo kwa Kyela huangukia wakati kokoa inauzwa na nyumba ina shilingi. Sehemu ya fomu ya mkopo inayohusu uhakiki, wazazi, kijiji na kiapo ifunguliwe Desemba. Ikifika Januari, mwenye jina lililopishana herufi awe ameshaambiwa, akiwa na nusu mwaka wa kulirekebisha. Nasema likizo makusudi, kwa sababu mtoto wa Talatala aliyepangiwa kidato cha tano Tabora au Songea hawezi kupata muhuri wa kijiji chake akiwa bwenini.

Walimu watasema Desemba ni ya kujisomea, mtihani uko mlangoni. Nawaelewa, lakini siku chache za kufuatilia karatasi Desemba zina madhara madogo kuliko wiki za kuhangaika Agosti, na hofu ya mkopo nayo huingia chumba cha mtihani pamoja na mtahiniwa. Vyuo vitasema havitaki kupokea maombi kabla ya matokeo, visije vikajazwa na watakaofeli. Hapo jibu ni la kitaalamu tu: mwombaji hutambulika kwa namba yake ya mtihani ya Baraza la Mitihani, NECTA. Ombi lililowekwa Aprili linaweza kukaa kimya hadi matokeo ya Julai, asiyefikisha pointi akaondolewa na mfumo wenyewe, na ada ikatozwa kwa waliofikisha peke yao. Vyuo vitachelewa kuiona fedha hiyo kwa miezi michache, na nadhani hapo ndipo upinzani wenyewe utakapotoka.