Usikionee haya kikombe cha keg, wao ndio waone haya

Msomaji, hebu leo tuambiane ukweli, maana wewe na mimi hatuna cha kufichana. Ijumaa iliyopita uliingia baa ya mtaani kwenu. Mfukoni ulikuwa na shilingi mia tano, na ndani ya hizo mia mbili zilikuwa nauli ya Jumatatu. Ulipofika kaunta ukatazama kulia, ukatazama kushoto, ukaona wasichana wawili wameketi karibu na mlango. Basi ukaagiza chupa. Moja tu. Ukaiweka mezani lebo ikitazama mlangoni, ukainywa kidogo kidogo kama mgonjwa anayekunywa dawa, mpaka ikapata moto. Saa tano usiku ile chupa ilikuwa bado pale pale, tupu, na mhudumu umemkataza asiiondoe.

Wakati huo rafiki yako, yule mliyebeba naye mawe kwenye mjengo mchana kutwa, alikuwa kule nyuma karibu na choo, mahali ambapo wenye baa wengi huwatupa watu wa keg. Kwa bei ya ile chupa yako moja alikunywa vikombe viwili vya nusu lita na chenji ikabaki. Ulimpungia mkono kwa mbali. Hukutaka ionekane kwamba mnajuana.

Nakuuliza bila hasira: ni nani aliyekufundisha kumwonea haya mwenzako kwa sababu ya kikombe cha plastiki?

BOMBA NI LILE LILE

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Utasikia watu wakisema keg si bia, keg ni maji yaliyooshea mapipa. Keg si aina ya bia. Keg ni pipa la chuma. Ndani yake hushuka mrija, gesi ya kaboni inasukuma bia kutoka ndani, inapita kwenye mpira hadi mferejini, inaingia kikombeni. Chupa imefungwa ili ikae miezi na isafirishwe mbali. Pipa likishafunguliwa lataka kumalizwa kwa siku chache, na mipira yake isipooshwa bia inageuka siki. Kwa hiyo pipa la leo lenye mipira safi laweza kukupa bia nzuri kuliko chupa iliyopigwa jua nyuma ya lori wiki mbili. Na pipa la mwenye baa mchafu laweza kukuharibia tumbo. Huo ndio ugomvi wa haki kati ya pipa na chupa. Mengine yote ni maringo.

Kama huniamini, nenda Westlands. Usinywe, tazama tu. Huko kuna mabaa yanayouza bia za viwanda vidogo, zile wanazoziita bia za mafundi. Na huko anayeheshimiwa ni mtu wa bomba! Mhudumu anavuta mkono wa mfereji taratibu, povu linapanda, anamweleza mteja habari za kimea na hopsi kama mwalimu wa kemia. Anayeagiza chupa ya kawaida ndiye huonekana mshamba. Glasi moja inakaribia ujira wako wa siku nzima wa kubeba mawe.

Sasa niambie: imekuwaje bomba la Westlands liwe heshima na bomba la Githurai liwe aibu? Pipa ni chuma kile kile, gesi ni ile ile, mfereji ni ule ule. Kilichobadilika ni mfuko wa aliyeketi mbele yake. Haya yako, ndugu yangu, si ya bia. Ni haya ya umaskini, nayo umepandikizwa.

ALIYEIPANDA HAYA HII

Imepandwa zamani. Kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa na Wazungu mwaka 1922, na kreti zake za kwanza zilipelekwa hoteli ya Stanley hapa Nairobi. Babu yako hakuruhusiwa kuonja. Mwafrika wa Kenya alikatazwa kunywa bia ya chupa ya Kizungu hadi mwaka 1947. Alichoruhusiwa ni pombe iliyopikwa na baraza la mji lenyewe na kuuzwa katika ukumbi wake kule Pumwani. Mama aliyepika yake nyumbani alikamatwa, maana alikuwa anaiharibia serikali biashara.

Elewa mpango huo vizuri. Chupa kwa Mzungu, kikombe kwa Mwafrika, na faida kwa serikali. Uhuru ulipokuja, wengi walidhani kushika chupa ndiko kuwa huru. Ndiyo maana hata leo unaishika kama kitambulisho.

Na yule mama je? Busaa yake ni unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, ukatiwa kimea cha wimbi. Ni ufundi mtupu, hakuna kiwanda kidogo kinachomzidi. Lakini serikali huru nayo ilimkimbiza kama mkoloni alivyomkimbiza. Mwaka 1980 ikaletwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa, na kwa miaka thelathini askari walikuwa na hongo ya kila wiki. Sheria mpya ya vileo ya mwaka 2010 iliporuhusu chang'aa, ilitaka itengenezwe kwa leseni na kutiwa ndani ya chupa za kioo. Mama wa Kibera atatoa wapi mtambo wa kujazia chupa? Kinachopikwa Westlands kinaitwa ufundi. Kinachopikwa na mama yako kinaitwa jinai.

HESABU YA MAITI

Hapa naomba usome polepole, maana si mzaha tena.

Novemba mwaka 2000, katika vijiji vya mabanda vya Nairobi, watu walikunywa pombe iliyoitwa kumi kumi kwa kuwa glasi ilikuwa shilingi kumi. Ilikuwa imetiwa methanoli. Walikufa zaidi ya watu 100, na wengine wakapofuka. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ikatoa bia ya bei nafuu iitwayo Senator, ambayo ndiyo hiyo keg unayoidharau. Serikali ikakubali kuisamehe ushuru, na hoja ilikuwa nzuri: heri kabwela anywe bia iliyopimwa kuliko sumu. Bia hiyo hupikwa kwa nafaka za wakulima wetu, na mtama wa Siaya, Busia na Tharaka ukapata soko. Pipa liliuzwa kwenye baa zenye leseni tu, serikali ilijua liko wapi. Nitakuwa mwungwana: huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Kisha tamaa ikaingia. Mwaka 2013 serikali ilihitaji fedha. Haikuzitafuta kwa wezi wa mali ya umma, ilizitafuta kwenye kikombe chako. Msamaha wa ushuru wa keg ukakatwa nusu. Bei ikaruka, na mauzo ya keg yakaporomoka kwa zaidi ya robo tatu. Unadhani watu waliacha kunywa? Mei 2014, katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui na jirani zake, zaidi ya watu 80 walikufa kwa siku chache tu. Methanoli tena.

Mimi nilikuwa shule ya msingi wakati huo. Kwenye ploti yetu kulikuwa na fundi wa viatu, mtu mpole, tulimwita Mzee ingawa hakuwa na mvi. Kila jioni alikuwa na vikombe vyake viwili vya keg, havizidi, halafu anarudi akipiga mluzi. Bei ilipopanda alipunguza hadi kimoja. Halafu akaacha kabisa, akaanza kwenda nyuma ya soko kwenye jerikani. Asubuhi moja, saa tatu, jua limeshawaka, alitoka nje akishika ukuta akauliza, "Nani amezima taa?" Tulicheka, sisi watoto. Tulidhani anatutania. Mama yangu ndiye hakucheka. Roho ilipona, macho hayakurudi. Vifaa vyake vilinunuliwa na kijana mwingine, na mluzi hatukuusikia tena.

Waliokaa na kalamu wakapiga hesabu ya mabilioni hawakuandika popote jina la mtu huyo. Baada ya vifo serikali ikarudi nyuma kimya kimya. Msamaha ukapandishwa hadi asilimia 90, kisha miaka iliyofuata ukatulia asilimia 80. Hakuna aliyejiuzulu, hakuna aliyesema samahani. Mwaka 2015 wakatuma watu na marungu kuvunja mabaa ya Mlima Kenya na kumwaga pombe barabarani mbele ya kamera, kana kwamba wanywaji ndio walioandika ile bajeti.

Usiniambie hayo ni ya zamani. Februari 2024 watu 17 walikufa Kirinyaga. Na ile pombe ilitoka wapi? Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilikuwa kielelezo kilichokamatwa na kuhifadhiwa kituo cha polisi, kikatoka humo kikarudi kuuzwa! Fisi akikabidhiwa bucha, usiulize nyama imekwenda wapi.

WANAJUA KUPUNGUZA WAKITAKA

Usidanganywe kwamba ushuru ni jambo gumu lisiloguswa. Desemba 2024 sheria ya kodi ilibadilishwa, bia ikaanza kutozwa kulingana na kiasi cha kileo kilichomo, na viwanda vidogo huru vya bia vikapewa kiwango cha chini kuliko vile vikubwa. Siwaonei wivu. Kijana Mkenya akifungua kiwanda chake akaajiri wenzake kumi, nitampigia makofi. Lakini hiyo ni dalili kwamba pale wanapotaka kumsaidia mpishi wa bia, kalamu ipo na wino haujaisha. Mbona basi mama wa busaa hajawahi kupata leseni anayoweza kuilipia? Mbona hapimiwi pombe yake akaelekezwa usafi, badala ya kumwagiwa sufuria kila Ijumaa na askari wanaotaka kitu kidogo?

Badala yake mwaka 2025 wakatuletea sera inayopendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Kijana wa miaka 19 anapiga kura na analipa kodi. Mkimfungia mlango wa baa yenye leseni na hamjafunga jerikani la nyuma ya soko, mmempeleka wapi? Wale waliokuita hasla mwaka 2022 wanajua vizuri unakoishi, lakini sera hawaiandikii huko.

SASA WEWE

Sikuhubirii unywe. Kama hunywi, umebarikiwa, na mshahara wako utakushukuru. Bia ya pipa inalewesha kama ya chupa, na vikombe sita vya keg vitakulaza mtaroni bila kuuliza bei yake. Unga wa watoto kwanza, nauli ya pili, kikombe baadaye. Lakini ukinywa, nina maombi matatu.

La kwanza, Ijumaa hii ukifika baa usimpungie rafiki yako kwa mbali. Nenda uketi naye kule nyuma, kisha wote wawili mvute meza zenu mbele. Wasichana wakiondoka kwa sababu ya plastiki, walikuwa wanaitazama chupa, hawakukutazama wewe.

La pili, acha kuogopa kuuliza. Muulize mwenye baa mipira aliiosha lini. Akikupa kikombe nusu povu, mrudishie akijaze. Bia ikiwa siki, ikatae. Mtu wa Westlands hukataa glasi yenye alama ya kidole na anaombwa radhi. Fedha yako imetoka kwenye jasho zito zaidi kuliko lake.

La tatu ndilo kubwa. Mbunge wako huja msimu wa kura na kreti za chupa kwenye gari la nyuma. Siku hiyo kila mmoja wenu ni mtu wa chupa, kwa saa mbili. Akija, ipokee ukitaka, lakini kabla hajaondoka mwulize mbele ya watu wote: mheshimiwa, miswada ya fedha ilipoletwa Bungeni ulipiga kura gani? Chupa hiyo moja unayonipa leo, umeikata kwenye vikombe vyangu vingapi?

Mwulize kwa sauti. Fundi wa viatu wa ploti yetu haioni tena sura ya mheshimiwa yeyote, lakini masikio anayo, na bado anasubiri kusikia jibu.