Mkondo Haujui Ujumbe Unaishia Wapi

Kwa mfugaji wa ngege kwenye vizimba vya Ziwa Victoria, kuanzia Mbita hadi Muhuru Bay, saa ya hofu ni ile ya kabla ya alfajiri. Usiku mimea ya majini haitoi oksijeni, inaitumia. Na maji ya chini yasiyo na hewa yakipanda, kizimba kizima cha samaki chaweza kufa. Ndiyo maana nafurahi kuona vijana wa Migori na Homa Bay wakijifunza kuunda vifaa vidogo vya kupima oksijeni. Lakini kuna madai matano kuhusu mikondo ya data, yaani baiti zinazotiririka kutoka kihisi hadi programu, ambayo nayasikia kila mara, na ambayo lazima yajibiwe.

“Kihisi kikituma ujumbe mmoja, nitapokea mmoja.”
La. Mkondo hubeba baiti moja moja, kama Mto Kuja unavyopita bila kujua ndoo ya mtu. Kihisi kikituma 2.8, programu yaweza kukuta “2.” kwanza, na “8” baadaye kidogo. Amri ya available ya bodi ya Arduino huhesabu baiti zilizokwisha kufika tu. Haiahidi kwamba ujumbe umekamilika. Malizia kila ujumbe kwa alama, kwa kawaida mstari mpya, na ukusanye baiti hadi uione alama hiyo ndipo ugeuze maandishi kuwa namba.

“Nitasoma nikipata nafasi, data itanisubiri.”
Itasubiri kidogo sana. Arduino Uno ya matoleo ya kabla ya R4 ina kumbukumbu ya kilobaiti 2, na bafa yake ya kupokea, yaani ghala la muda la baiti zinazoingia, ni ya baiti 64. Kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, kila baiti husafiri kwa biti 10, kwa hiyo baiti 960 zaweza kuingia kwa sekunde moja. Zikija mfululizo, bafa hujaa kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijapita. Ukiilaza programu sekunde nzima kwa delay, baiti zinazokuta bafa imejaa hutupwa, na hakuna onyo lolote. Soma mara kwa mara, kidogo kidogo.

“Read ikirudisha -1, data imekwisha.”
Katika Java, pamoja na ile ya simu ndogo za zamani, ni kweli: -1 ni mwisho wa mkondo, na kama data haijafika bado, read hungoja. Katika Arduino read haingoji. Hapo -1 maana yake ni kwamba hakuna kitu kwa sasa. Aliyezoea Java hufunga kazi wakati kihisi hakijaanza hata kusema. Tena, jibu hilo lipokee katika int. Ukilitia katika byte ya Arduino, -1 hugeuka 255 na kujifanya data halali.

“Flush husafisha takataka zilizoingia.”
Hivyo ndivyo ilivyokuwa kabla ya Arduino 1.0, iliyotoka mwaka 2011. Tangu hapo, flush ya Serial hungoja baiti zinazotoka zimalize kutumwa, zilizoingia haizigusi. Masomo ya zamani bado yanapita mkono kwa mkono, kwa hiyo angalia tarehe yake kabla ya kunakili.

“Nikishaandika kwenye kadi ya SD, imehifadhiwa.”
Bado. Maktaba ya SD hukusanya maandishi katika kumbukumbu, kwa vipande vya baiti 512. Betri inayochajiwa kwa jua ikiisha baada ya siku za mawingu, vipimo vilivyokuwa bado kwenye kumbukumbu hupotea. Hapa flush ya faili ndiyo inayovipeleka kwenye kadi. Kila uandishi hula umeme na muda, ni kweli, lakini kwa kifaa kinachopima kila baada ya dakika 10 gharama hiyo inastahili.

Rudi kwenye ile 2.8. Kwa ngege, miligramu 2.8 za oksijeni kwa lita ni dalili ya hatari. Programu isiyongoja mwisho wa ujumbe itaonyesha 2, kisha 8, na 8 ni maji mazuri. Saa kumi na moja alfajiri mfugaji ataangalia simu, ataona 8, atajifunika tena shuka. Mkondo utakuwa umefikisha kila baiti salama. Kosa litakuwa la sisi tulioandika programu.