AFYA NYUMBANI: Mgonjwa aliyepooza na sindano za gentamisini

Juma hili tunajibu ulizo la mama mmoja wa Alunguli. Kijana wake alianguka kutoka juu ya mti wa ngazi, mgongo ukaumia, na huu ni mwaka wa tatu miguu haitembei. Anakojoa kwa mpira. Sasa homa imempanda, mkojo unanuka, na wameandikiwa sindano za gentamisini. Mama anauliza: "Damu ilipimwa, karatasi inasema figo ni nzima. Kwa nini munganga anataka vipimo vingine? Kuvuka Lualaba kwa mtumbwi na mgonjwa wa namna hii si kazi ndogo, na pesa hakuna."

Mama, munganga ana haki.

Gentamisini, pamoja na amikasini na streptomisini, hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikiwa dhaifu, dawa inabaki ndani, inazidi, na inaumiza figo zenyewe na masikio. Figo mara nyingi hupona kama dawa imesimamishwa mapema. Lakini masikio yakifa kwa dawa hii, hayarudi. Kijana amekwisha kupoteza miguu. Tusimpotezee na masikio.

Labo ikitaka kujua nguvu ya figo, hupima kreatinini katika damu. Hiyo ni taka inayotoka katika misuli, na figo ndizo huitoa nje. Figo zikichoka, kreatinini inapanda. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa karibu 0,6 mpaka 1,2 miligramu kwa desilita. Lakini misuli ya aliyepooza imekauka, kwa hiyo taka yake ni kidogo. Nyumba ya watu wawili huonekana safi hata kama ufagio umekatika.

Tuchukue mfano. Kreatinini ya kijana ilikuwa 0,4. Leo ni 0,8. Karatasi itasema ni sawa, kumbe imepanda mara mbili, na figo zimepoteza karibu nusu ya nguvu yao. Hata hesabu ya munganga inayotumia umri, kilo na kreatinini hudanganyika vilevile, na dozi inaweza kutoka kubwa kupita kiasi.

Basi tufanye nini?

Tutunze karatasi zote za labo katika mfuko mmoja. Namba ya leo ilinganishwe na namba za zamani za mgonjwa yuleyule.

Tumwambie munganga mgonjwa amepooza tangu lini, na kilo zake za leo, si za zamani.

Tuulize kama mkojo wa saa 24 unaweza kupimwa pamoja na damu. Mwenye mpira, kazi hii ni rahisi: saa 12 asubuhi tunamwaga mkojo wote uliopo, kisha tunakusanya wote katika bidoni safi, mahali pa baridi, mpaka saa 12 ya kesho yake. Hata kikombe kimoja kisimwagwe. Pale penye kipimo cha sistatini C, hicho hakitegemei sana misuli.

Tusinunue sindano hizi sokoni na kumwita jirani achome. Tusichanganye na diklofenaki wala ibuprofeni, maana nazo huchosha figo.

Akisikia mlio masikioni, akipata kizunguzungu, au mkojo ukipungua, tumwambie munganga siku ileile, kabla ya sindano inayofuata.

Lakini tusipunguze dozi wala kukataa sindano kwa akili yetu. Gentamisini ni dawa nzuri, na homa ya mkojo kwa aliyepooza inaweza kuingia katika damu na kuua. Ikiwa hali ni mbaya, munganga anaweza kuanza dawa leo na vipimo vikafuata.

Wamama wa kikundi, nauli ya mtumbwi ya mwenzetu tuichangie. Ni kidogo tukiwa wengi.